Kufundisha kubuni muziki papo hapo katika darasa la pamoja la piano

Mpe mwanafunzi wa piano wa daraja la nne karatasi ya noti, atapiga. Iondoe karatasi, mwambie apige chochote, mikono itabaki mapajani. Mwanafunzi huyohuyo akiwa kwaya au kwenye harusi anaongeza sauti ya pili ambayo hakuna aliyemwandikia, anapiga makofi yanayopishana na ya wenzake, na haoni kwamba amefanya jambo la ajabu. Uwezo basi upo. Kinachokosekana ni njia ya kutoka mdomoni hadi vidoleni. Darasa la watu wanne hadi wanane linafaa kuitengeneza njia hiyo kuliko somo la mtu mmoja, kwa sababu anayebuni huwa na watu wa kumshikia mdundo.

Wako walimu wanaoona kazi hii ni ya wapiga jazi peke yao. Historia inawakatalia. Mtunzi wa Kijerumani Johann Sebastian Bach alipofika Potsdam mwaka 1747, Mfalme Frederick wa Prussia alimpa tuni, naye akaijengea hapohapo fugi ya sauti tatu, yaani utungo ambao sauti huingia moja baada ya nyingine na tuni ileile. Mtunzi mwingine, Beethoven, alipohamia Vienna, sifa zake za mwanzo zilitokana na kubuni kwenye piano mbele ya watu. Na katika shule za muziki za Napoli za karne ya 18, zilizokuwa zimeanza kama makao ya yatima, mtoto alipewa mstari wa besi tu, mkono wa kulia akaujaza mwenyewe kutoka kichwani. Leo mitihani ya madaraja ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, inayofanywa na wanafunzi wengi wa miji yetu, imezoeleka kwa vipande vitatu, skeli, kusoma noti usizowahi kuziona na mazoezi ya masikio. Trinity, bodi nyingine ya Uingereza, humruhusu mtahiniwa kuchagua jaribio la kubuni, lakini wachache hulichagua, na mwalimu mwenye haraka ya mtihani hafundishi kisichoulizwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye kundi, saa moja, na vyombo vichache. Unasimama juu ya sharti moja ambalo nitalirudia hadi likuchoshe: mwanafunzi asipige asichoweza kuimba.

Vyombo na mahali pa kukaa

Piano moja inatosha watu watatu: mmoja upande wa besi, mmoja katikati, mmoja juu. Hata kibodi ya vitufe 61 inawatosha wakibanana kidogo. Waliobaki wanasimama nyuma na kazi zao: makofi, kayamba, kuimba. Kama una kibodi nyingi, usiwape hedifoni kwa somo hili. Kila mtu akijifungia masikioni mwake, mnakuwa watu wanane mnaofanya mazoezi chumba kimoja, si darasa.

Weka viti ili kila mtu aone mikono ya mpigaji. Na kama umeme wa kwenu una tabia ya kukatika katikati ya somo, waambie mapema kwamba makofi na uimbaji vinaendelea gizani. Hapo ndipo utajua kama mdundo walikuwa nao wenyewe au waliuazima kwenye mashine.

Hatua ya 1: mdundo, mbali na piano

Simameni duara. Miguu ipige mapigo mawili makubwa ya 6/8, yaani hesabu ya kwanza na ya nne kati ya sita. Ikishatulia, nusu ya darasa iongeze makofi kwenye hesabu ya kwanza, ya tatu na ya tano. Sasa mna matatu juu ya mawili. Wanafunzi wengi wa piano hukutana na mchanganyiko huu kwenye karatasi wakiwa madaraja ya juu na wanauogopa. Watoto waliokulia karibu na ngoma huuingia bila kuelezwa, kwa hiyo usiueleze. Uanzishe tu.

Kisha kwa zamu, kila mmoja ajaze baa mbili, yaani mizunguko miwili ya hesabu sita, kwa namna yake: kifua, meza, ulimi, chochote kinachotoa sauti. Wengine hawasimami. Mdundo haumsubiri mtu. Asiye na la kusema anyamaze baa zake mbili, na zamu ipite. Ruhusa hii ya kunyamaza itamfungua mwoga wa darasa kuliko maneno yako yote ya kumtia moyo.

Dakika tano zinatosha. Zikizidi, wanaanza mizaha.

Hatua ya 2: vitufe vyeusi, na noti moja tu

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo, hata kwa masomo kadhaa.

Kila kundi la vitufe vyeusi vitatu lisomeni do, re, mi. Kundi la viwili lisomeni so, la. Do yenu ni F#. Aliyewahi kuimba kwaya kwa solfa, zile herufi za d, r, m zilizokuja na wamisionari, hahitaji maelezo zaidi: ameshaviweka vidole mahali ambapo sauti yake imekuwapo miaka yote. Noti hizi tano hazina nusutoni (hatua ndogo kabisa ya piano, kitufe hadi jirani yake) kati yake, ndiyo maana watu watatu wanaweza kuzipiga kwa pamoja bila mpango wowote na zisigombane.

Gawanya kazi. Aliye upande wa besi arudie do na so, yaani F# na C#, moja kwa kila pigo kubwa. Aliye katikati arudie mi, re, do juu ya yale makofi matatu ya hatua ya kwanza. Wawili hawa hawabuni chochote. Kazi yao ni kuwa imara, na ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, hasa mwenzao akianza kupiga kitu kitamu kinachowavuta. Aliye juu ndiye msemaji.

Msemaji aanze na do peke yake. Atalalamika kwamba noti moja haitoshi. Mwache alalamike, halafu mpigie wewe baa nne za do tupu: moja ya kishindo, moja ya kunong'ona, moja inayochelewa pigo, moja iliyorukia oktavu ya juu na kurudi. Mwulize kama alichoka kusikiliza. Kisha azipige zake.

Ni lazima kumbana hivi. Ukimwambia mtu mwenye vitufe 88 mbele yake apige anachotaka, anatakiwa kuamua noti, mdundo, nguvu na mahali pa kuishia, vyote kwa mkupuo. Akili inagoma. Ukimwondolea uamuzi wa noti, anabaki na mdundo na nguvu ya mkono, na humo ndimo muziki mwingi unamokaa. Akishaitawala do, ongeza re. Kisha mi. So na la zije siku nyingine kama muda umekwisha. Watu wazima wanaojifunza piano ukubwani huona aibu kubaki kwenye noti tatu. Waambie kuna nyimbo nyingi za watoto zisizovuka hapo na bado hazijasahaulika.

Sasa sharti la kuimba. Kabla ya kugusa kitufe, kila mwenye zamu aimbe baa mbili kwa solfa au kwa "la la", halafu azitafute. Sauti mbaya si kisingizio. Hatufanyi usaili wa kwaya. Utaona tofauti mara moja. Anayepiga bila kuimba, vidole hupanda na kushuka skeli kwa mazoea, noti zote urefu mmoja, bila mahali pa kuvuta pumzi. Anayeimba kwanza hulazimika kupumua, na pumzi hiyo inakata melodi kuwa sentensi. Akipoteza alichoimba, arudi kukiimba tena. Asikitafute kwa kubahatisha vitufe.

Na ile sauti utakayoisikia kila somo: "Samahani mwalimu, nimekosea." Jibu lako liwe lilelile siku zote: "Rudia hilohilo mara mbili." Noti iliyoteleza ikisikika mara moja ni ajali. Ikirudiwa kwa makusudi na mdundo uleule, darasa zima linaisikia kama wazo, na mwenyewe anashtuka kuona limekubalika.

Watu utakaokutana nao

Karibu kila darasa la mjini lina kijana aliyejifunzia kibodi kanisani. Husoma noti kidogo au hasomi kabisa, ila ukianza pambio lolote atakuwa amekufuata kabla ubeti haujaisha. Mara nyingi hupiga kwenye ufunguo mmoja aliouzoea, kazi iliyobaki akaiachia batani ya transpozi, inayohamishia wimbo ufunguo mwingine. Pembeni yake ameketi binti wa madaraja, anayesoma ukurasa mzima bila kusita na ambaye hajawahi kupiga kitu kisichokuwa kwenye karatasi. Kila mmoja anamwonea mwenzake wivu kimyakimya.

Wakalishe kwenye benchi moja. Kijana umzimie ile batani na umpe besi, kwa sababu anajua besi inavyobeba watu. Binti umpe zamu ya juu yenye noti tatu. Baada ya mizunguko michache wabadilishane, na kijana apewe sharti ambalo hajazoea: apige baa moja, anyamaze baa moja. Wapigaji wa kanisani wamefundishwa na kazi yenyewe kujaza kila nafasi, maana mhubiri akinyamaza kibodi inatakiwa iseme. Kunyamaza ndilo somo lao gumu.

Mwenye vidole vyepesi kuliko wote, anayemaliza kila zamu kwa kuporomosha noti kutoka juu hadi chini, usimkemee. Mpunguzie. Apige kwa kidole kimoja.

Wa kimya kabisa mpe kayamba kwanza, kisha besi, kisha zamu ya juu yeye na mwenzake wakibadilishana baa moja moja. Usimweke peke yake mbele ya darasa kimya huku wewe ukitabasamu kumngoja. Hiyo si huruma, ni mtihani.

Hatua ya 3: wito na jibu

Kiongozi na waitikiaji kila mtu anawajua. Tofauti hapa ni kwamba jibu halijulikani.

Mmoja apige wito wa baa mbili unaoishia kwenye re au so, mahali ambapo sikio bado linangoja. Mwenzake ajibu baa mbili na aishie do. Mwanzoni jibu litumie mdundo uleule wa wito na noti zibadilike. Wakizoea, geuzeni: noti zilezile, mdundo mwingine. Mwisho wajibu kwa uhuru, mradi jibu limeazima kitu kutoka kwenye wito.

Hapa ndipo maoni yako yana kazi. Usiseme "vizuri sana" kwa kila mtu. Baada ya mara ya tatu hakuna anayeisikia. Uliza swali lenye jibu: "Umeazima nini kwa mwenzako?" "Ameishia noti gani?" "Baa ya pili ilianza kwenye pigo au baada yake?" Waulize waliosimama nyuma pia, bila kuwatahadharisha. Wakijua wataulizwa, watasikiliza, na zamu ya mwenzao haitakuwa muda wa kuchezea simu.

Darasa likichangamka, ufanyeni mnyororo. Wa kwanza anapiga wito, wa pili anajibu kisha anapiga wito wake, wa tatu anajibu, hadi mzunguko ufungwe, besi ikiendelea chini bila kukatika.

Hatua ya 4: vitufe vyeupe

Hii ni fupi. Do sasa ni C, na noti mbili mpya zimeingia: fa na ti. Ushikilie C, E na G mkono wa kushoto, mwanafunzi ashikilie fa juu yake kwa muda mrefu. Wote watataka ishuke mi. Mwache aishushe. Fanya hivyo kwa ti, inayotaka kupanda do. Hawahitaji sheria nyingine: fa na ti ni za kupitia, na anayetaka kukaa juu yake akae kwa kujua anachofanya. Rudieni wito na jibu wa hatua ya tatu kwenye vitufe hivi, na mwende mbele.

Hatua ya 5: kordi tatu

Kordi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Chukueni C, F, C, G, kila moja baa mbili, na mzunguke. Nyimbo nyingi za dansi na za kwaya hubebwa na kordi hizi tatu, kwa hiyo masikio yameshazijua. Wa katikati azipige karibu karibu ili mkono usirukeruke: C-E-G, kisha C-F-A, kisha B-D-G. Wa besi apige noti ya chini ya kila kordi: C, F au G.

Wa juu, kabla ya kubuni chochote, aimbe halafu apige noti moja ndefu kwa kila kordi: mi kwenye C, fa kwenye F, mi tena kwenye C, re kwenye G. Ni hatua ndogondogo za jirani na jirani, na kila noti ni ya kordi yake. Hiyo ndiyo njia kuu. Kubuni ni kuchagua namna ya kufika kwenye noti inayofuata kordi inapobadilika: kwa kuizunguka, kwa kuirukia kutoka mbali, kwa kuichelewesha kidogo. Wakishaweza njia hii, wapeni nyingine inayoanzia so: so kwenye C, la kwenye F, so tena, ti kwenye G, na ti hiyo ipande do mzunguko unapoanza upya. Watakaojaribu kuzichanganya njia mbili katikati ya safari waache, wameshaanza kubuni kweli.

Badilishaneni nafasi bila kusimamisha muziki. Wa besi anatoka, anakwenda nyuma kushika kayamba. Wa katikati anasogea besi. Wa juu anashuka katikati. Mpya anakaa juu. Mara za kwanza mdundo utavunjika na watu watakanyagana miguu. Baada ya muda watagundua kwamba mguu ukiendelea kupiga sakafuni, mikono inaweza kukosekana baa nzima na hakuna kilichoharibika.

Hatua ya 6: bila mdundo kabisa

Pwani yetu ina somo ambalo vitabu vingi vya piano havina. Katika taarab ya Zanzibar, mpigaji wa kanuni (chombo cha nyuzi nyingi), udi au fidla anaweza kutangulia wimbo kwa taksimu: peke yake, bila mdundo, akilionyesha makamu, yaani mpangilio wa noti, ambalo wimbo utakaa ndani yake. Piano haiwezi kupiga makamu yote. Rast na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili, na hizo tuwaachie fidla na udi. Lakini Hijazi, Nahawandi, Kurdi na Ajam zinapigika bila shida. Hata akodiani, yenye vitufe kama vya piano, ilipata nafasi yake katika vikundi vya taarab. Aliye karibu na Mji Mkongwe anaweza kuwapeleka wanafunzi wake Dhow Countries Music Academy, iliyoanza mwaka 2002 na inayofundisha muziki huu, wakaisikie taksimu ikipigwa na wenyewe kabla ya kuijaribu.

Tumieni Hijazi ya D: D, E♭, F#, G, A, B♭, C. Wawili wa chini washikilie D na A kwa sauti ndogo, wakizigusa upya zinapofifia. Msemaji aanze kwenye D na asiiache haraka. Aizunguke na E♭ na C ya chini yake. Kisha apande hadi F# na G, akikaa kwenye pengo lile pana kati ya E♭ na F#, kwa kuwa ndilo lenye ladha ya Hijazi yenyewe. Akishaimaliza sehemu hii, na si kabla, apande A, B♭ na C, aguse D ya juu, halafu ashuke taratibu hadi alipoanzia. Darasa lisipige makofi wala mguu. Wapumue naye tu.

Nimeiweka mwisho ingawa noti zake ni chache, kwa sababu wanafunzi waliolelewa na mdundo hupotea ukiondolewa. Huharakisha. Tiba ni ileile: aimbe kila sentensi kabla ya kuipiga, na asianze nyingine hadi aliyoipiga imeisha kusikika chumbani.

Simu, kazi ya nyumbani, na karatasi

Rekodi zamu za mwisho kwa simu, usizisikilize siku hiyo. Somo linalofuata lianze nazo. Siku ileile mtu husikia makosa yake tu; baada ya wiki anasikia pia alichobuni, na mara nyingine hakitambui kuwa ni chake.

Kazi ya nyumbani izingatie kwamba wengi hawana piano. Mwenye simu ajirekodi akiimba baa nne za noti tano, do mpaka la bila fa, juu ya mguu wake mwenyewe, azilete darasani, mwenzake azitafute kwenye vitufe vyeusi wakati mwenyewe anasikiliza na kusahihisha. Mwenye kibodi apige dakika chache kila siku kwa sharti moja la wiki: noti tatu tu, au mkono wa kushoto peke yake, au kila sentensi iishie re.

Atatokea anayetaka kuyaandika aliyoyabuni. Mruhusu baa nne tu, kwa solfa au kwa noti za mistari, na wiki inayofuata umpe mwingine karatasi hiyo aipige kama wito, mwenye karatasi ajibu bila kuandika.